Shangazi, wateja wangu wanakuja mara moja tu

Hujambo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja na nina saluni ndogo ya kucha hapa Nakuru, karibu na Barabara ya Mburu Gichua. Ni chumba kimoja tu: meza mbili, kiti cha pedikyua, benchi ya wanaosubiri na taa mbili za kukaushia jeli, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa. Kazi nilijifunza kwa kukaa na fundi mwingine, nikawa nanunua vifaa kimoja kimoja, na mwaka jana mwanzoni nikafungua kwangu. Kazi naijua. Nikiweka picha TikTok au WhatsApp watu wanapenda, wanauliza bei, wanakuja.

Shida yangu ni kwamba hawarudi. Kila mwezi naona sura mpya, na za zamani zinapungua. Wale ninaoweza kuwaita wateja wangu kabisa hawajazi hata meza moja kwa wiki. Nikifunga hesabu mwisho wa mwezi nakuta nimefanya kazi sana, nimelipa kodi, nimelipa msaidizi, na kilichobaki hakinitoshi.

Mwezi wa pili kuna mtu alifungua saluni milango miwili kutoka kwangu. Mimi jeli ya rangi moja nafanya kwa shilingi 500, yeye anafanya kwa 300. Mwezi wa tatu msaidizi wangu wa kwanza, ambaye nilikuwa nampa asilimia 40 ya kila kazi aliyofanya, aliacha kazi bila kuniaga na akaondoka na nambari za wateja zilizokuwa kwenye simu yake. Naambiwa sasa anawafuata majumbani kwao. Nimepata msichana mwingine, lakini namwangalia kwa wasiwasi.

Wateja nao wana mambo yao. Mwezi wa nne kuna mama alikuja na wenzake wanne wa chama chao, walikuwa wanakwenda harusi. Niliwafanyia wote jeli wakaondoka wamefurahi. Siku ya tano yule mama akarudi, kucha mbili zimeinuka pembeni. Nikamuuliza kama amekuwa akifua nguo kwa mikono. Akasema ndiyo, atafanyaje na ana watoto. Nikamwambia jeli si ya kufulia, nikamtengenezea zile mbili kwa shilingi 100 kila moja, maana dawa nanunua na muda ni wangu. Alilipa akanyamaza. Tangu siku hiyo sijamwona, na wale wenzake pia sijawaona. Watu wa siku hizi wanataka kitu kizuri lakini hawataki kukitunza.

Jumamosi kazi huwa nyingi. Nawaambia wote waje asubuhi ili nisikose, benchi inajaa, lakini hata hao wengine wanachoka wanaondoka kabla sijawafikia.

Naomba unishauri, Shangazi. Nishushe bei ifike 300? Nichapishe zile kadi za ukija mara tisa, ya kumi ni bure? Na huyu msaidizi mpya nimfunge vipi asije akanifanyia kama yule?

Fundi wa Kucha, Nakuru

*

Sijambo, binti yangu. Pole kwa yaliyokupata, hasa la msaidizi. Kuamka asubuhi ukute mtu uliyemfundisha kazi ameondoka na nusu ya jasho lako ni jambo linalouma.

Bei usishushe. Tuseme dawa, asetoni, pamba na stima vinakula shilingi 150 kwa kila mteja. Kwa bei ya 500 unabakiwa na 350. Kwa bei ya 300 unabakiwa na 150, na hapo bado hujamlipa msaidizi wala mwenye nyumba. Kile unachopata leo kwa wateja watatu, utakipata kwa wateja saba. Mgongo ni ule ule na saa ni zile zile, na hao saba huna, kwa sababu hata watatu wenyewe hawarudi. Jirani mwache na bei yake. Anayekuja kwa sababu ya 300 ataondoka siku akisikia pengine ni 250.

Katika barua yako yote, niliposimama nikasoma mara mbili ni pale pa mama wa chama. Wewe umeiandika habari yake kama mfano wa wateja wasumbufu. Mimi nimeiona kuwa ndiyo jibu la swali lako.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kucha za mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ikifika wiki ya tatu pengo kwenye shina limeshaonekana, na mwenye kucha anaanza kuuficha mkono. Anayependa kucha zake hurudi kila wiki tatu, ambazo kwa mwaka ni mara 17. Mara 17 kwa shilingi 500 ni shilingi 8,500. Mama yule alikuja na wenzake wanne, kwa hiyo pale mezani palikaa watu watano wenye thamani ya shilingi 42,500 kwa mwaka, bila kuhesabu pedikyua wala wale ambao wangewaleta wao. Wewe ulipokea 200.

Tena huyo ni mtu aliyekuletea watu. Chama chao kinakutana kila mwezi, wanakaa pamoja, wanashikana mikono, wanaangaliana kucha. Mtu akiuliza zile kucha mbili zilikuwaje, jibu atakalolitoa ni moja tu: nilirudi nikatozwa, nikaambiwa nimefua. Hakuna ofa ya TikTok itakayoshinda maneno hayo katika mkutano wa chama.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, nisikilize bila kukasirika, maana nilikuwa na saluni Kisumu kwa miaka kadhaa na haya niliyaona kila wiki. Kufua huchangia, kwa sababu kucha hunywa maji ikavimba kidogo na kusinyaa tena inapokauka, wakati jeli haifuati mwendo huo. Lakini jeli iliyoshika vizuri mara nyingi huvuka wiki mbili hata kwa mtu anayefua. Ikiinuka siku ya tano, anza kuitazama meza yako.

Umesema ziliinuka pembeni. Pembeni ndiko mafundi wengi tunakopita haraka. Pale kwenye mfereji wa kando ya kucha hubaki vumbi la tupa, kile kifaa cha kusugulia kucha, na hubaki ile ngozi nyembamba iliyong'ang'ania kucha ambayo jicho haliioni mpaka uigeuze kucha kwenye mwanga. Jeli ikikaa juu ya ngozi hiyo haijashika kucha, imeshika kitu kitakachobanduka chenyewe. Ikimwagika kidogo mpaka kwenye nyama ya kidole ikakaushwa hivyo hivyo, umeacha mlango wa maji kuingilia. Kabla ya taa, pitisha kijiti chembamba pembeni mwa kila kucha na uondoe kilichomwagika. Futa mafuta kwenye kucha kabla ya besi, lile tabaka la kwanza chini ya rangi, na ukishafuta usiiguse tena kwa kidole chako. Paka tabaka nyembamba. Ifunge ncha ya kucha, yaani burashi ipite mpaka kwenye ukingo wa mbele. Halafu angalia taa zako: ni za jeli unayotumia, au ulinunua jeli huku na taa kule? Balbu ngapi zimekufa? Taa ikiwa dhaifu, jeli hukauka juu ikabaki mbichi chini, na hutaligundua hilo siku hiyo. Mteja ndiye atakayeligundua akiwa nyumbani kwake.

Hilo la jeli mbichi si la kuinuka tu. Jeli isiyokauka ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kumletea mtu mzio: vidole vinawasha, vinavimba, vinachubuka pembeni ya kucha. Mzio wa namna hiyo ukishaingia kwa kawaida hautoki maisha yote. Humpata mteja, na humpata hata fundi anayejifutia jeli vidoleni siku nzima. Mteja akikuambia vidole vinamwasha baada ya kutoka kwako, usimwambie atazoea. Mtoe jeli, mrudishie pesa zake, mwambie amwone daktari wa ngozi.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika kwenye karatasi, ubandike ukutani mahali ambapo mteja ataona akiwa amekaa: kucha ikiinuka ndani ya siku saba, rudi, tutakutengenezea bila malipo. Usiweke masharti kumi chini yake. Zikiwa zaidi ya tatu, usiziunge moja moja, rudia mkono mzima, kwa sababu hapo kazi yote ilikuwa na kasoro. Akija, neno la kwanza linalotoka kinywani mwako liwe asante kwa kurudi. Ukianza na swali la "ulifanya nini?" umeshamweka kizimbani. Mtengenezee kwanza, na mkiwa mnaongea muulize kwa upole mikono yake inafanya kazi gani.

Kuna watakaokudanganya. Atakuja mtu aliyebana kidole kwenye mlango wa matatu akuambie kucha ilivunjika yenyewe. Mtengenezee. Robo saa yako na tone la jeli ni gharama ndogo kuliko kubishana mbele ya watu walioketi kwenye benchi, maana hao ndio wanaojifunza watatendewaje siku yao ikifika.

Jambo moja usilifanye hata mteja akikuomba: usiipige gundi kucha iliyoinuka. Maji yameshaingia humo, ukiyafungia unawatengenezea bakteria makao. Ndiyo maana unaona kucha nyingine zikibanduliwa jeli zina doa la kijani. Ukikuta hilo doa, usilifunike na rangi nyeusi. Ondoa jeli yote, acha kucha ipumzike wazi na ikae kavu, na lisipopungua mwelekeze hospitali. Utakosa shilingi 500 siku hiyo. Huyo mteja hatakusahau.

Nimesema umuulize mikono yake inafanya kazi gani. Swali hilo liulizwe kabla ya kazi kuanza, kwa kila anayekaa mbele yako kwa mara ya kwanza, tena kabla ya swali la rangi. Mjini kwako hapo una wauguzi wa hospitali ya rufaa, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema mhudumu anayewagusa wagonjwa asivae kucha za bandia. Ukimwekea muuguzi tipsi ndefu Jumapili, Jumatatu msimamizi wake atamwambia azitoe, na pesa yake imekwenda. Mpe manikyua safi, kucha fupi iliyong'aa, umwambie sababu, na wodini kwao atakutaja. Una mama anayeuza sukuma wiki Soko la Wakulima, mikono yake iko kwenye maji na mboga tangu alfajiri: mkatie fupi, mviringo, usimuuzie urefu utakaomtesa. Una mwanafunzi wa Egerton aliyepanda gari kutoka Njoro, anataka zile za kwenye picha, na kesho kutwa ana kazi ya maabara. Na wengi wao, binti yangu, watafua kwa mikono. Hii ni Kenya, wanafua. Mwambie mapema avae glavu za mpira akifua na kuosha vyombo, na apake mafuta kwenye shina la kucha usiku. Ukiwa na glavu za kuuza hapo kwenye rafu, bora zaidi. Maneno hayo hayo ukiyasema kabla ya kazi ni huduma, na ukiyasema siku ya tano ni lawama.

Tuje kwenye Jumamosi zako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu unafikiri benchi iliyojaa ni baraka.

Jeli ya rangi moja kwenye kucha tupu inachukua kama saa nzima ikifanywa vizuri. Akiwa na jeli ya zamani, ongeza muda wa kuifuta na kuilowesha kwa asetoni dakika 10 hadi 15, kwa sababu ukiikwangua kwa haraka unaondoka na tabaka la kucha yenyewe na mteja anabaki na kucha laini kama karatasi. Kwa hiyo kila meza, kwa uaminifu, ni watu sita au saba kwa siku. Meza mbili ni watu 12, labda 14 msaidizi wako akishakuwa na mkono mwepesi. Ukiwaita wote waje saa tatu asubuhi, wawili wanakaa mezani na wengine wote umewanyang'anya siku yao. Huyu ameacha mtoto kwa jirani, yule amefunga duka, mwingine alikuwa ameambiwa na mumewe wataondoka saa sita kwenda Molo kwa wazazi. Wanaokaa wakasubiri mpaka mwisho nao hawakupendi kwa ajili hiyo. Unawafanyia haraka kwa sababu umeona nyuso zao, na haraka ndiyo inayoacha vumbi kwenye mfereji wa pembeni. Umeona inavyorudi kule kule?

Mpe kila mtu saa yake. Fulani saa tatu, fulani saa nne na nusu. Acha nafasi moja tupu katikati ya mchana kwa ajili ya anayerudi kutengenezewa na kwa ajili ya kuchelewa kwako mwenyewe. Kwa Jumamosi na siku za kuelekea sikukuu, mteja mpya atume shilingi 100 au 200 kwenye tili yako kushikilia nafasi, na zikatwe kwenye bei. Wale wa kudumu usiwaombe. Wameshakulipa kwa kurudi. Mteja akichelewa dakika 20, mwambie kwa heshima kwamba utamfanyia kinachowezekana katika muda uliobaki, au umtafutie saa nyingine. Ukichelewa wewe, mpigie kabla hajatoka nyumbani. Usisubiri afike ndipo umwambie "keti kidogo tu". Hiyo "kidogo tu" imefukuza wateja wengi kuliko bei.

Hali kadhalika stima. Kenya Power hutangaza maeneo yatakayozimiwa umeme kwa matengenezo, basi jizoeze kuangalia tangazo hilo kila wiki, na ukiona mtaa wako umo, uwahamishe watu wako mapema. Kwa kupotea kwa ghafla, weka taa moja ya kuchaji iwe imejaa wakati wote, lakini usiitumie ikiwa imebaki na chaji ya kusuasua, kwa ile sababu ya jeli mbichi.

Usafi sitakueleza sana maana naamini unao, ila uufanye mbele ya macho ya mteja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na koleo linaloondoa ngozi hugusa damu hata usipoiona. Kwa hiyo vyuma vioshwe kwa sabuni na burashi kwanza, ndipo viingie kwenye dawa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na vile vinavyokata ngozi ukiweza vitiwe kwenye mashine ya kuchemshia kwa mvuke. Seti moja haitoshi kwa siku. Tupa za karatasi haziosheki zikatakasika, hizo ni za mtu mmoja. Na hapa kuna jambo dogo linalofanya kazi ya kadi zako zote: mteja akija mara ya pili, mfungulie pakiti yenye jina lake, ndani yake kuna tupa yake mwenyewe, safi na kavu. Mwanamke anayejua kwamba tupa yake iko kwenye droo yako ana sababu ya kupita milango miwili bila kugeuza shingo.

Kadi za mara tisa na ya kumi bure sizikatazi, ila zisubiri. Kwa mwendo wa wiki tatu, mtu atafika ya kumi baada ya nusu mwaka na zaidi, na wako hawafiki ya pili. Kama unataka kutoa kitu, kitoe mara ya pili, siyo ya kumi: mpunguzie shilingi 100 akirudi ndani ya wiki nne, au mfanyie mchoro kwenye kidole kimoja bila malipo. Na anayekuletea mtu, mpe yeye zawadi, usimpe yule mgeni peke yake.

Nunua daftari. Siyo simu, daftari, hata kama simu nayo unaitumia. Andika jina, tarehe, ulichofanya, aina ya jeli na nambari ya rangi, kazi ya mikono yake, kilichoinuka na kilichoinukia wapi. Andika pia yale aliyokuambia: binti anafanya mtihani, mama anaumwa. Akirudi ukamuuliza mama anaendeleaje, ukiwa umesoma jana usiku, usione kama ni ujanja. Mikono yake umeishika saa nzima, ni haki umkumbuke. Lakini yaliyosemwa kwenye meza yako yafe kwenye meza yako. Mteja akisikia unamsimulia mwingine habari za watu, anajua zake zinasimuliwa pia, na hatakuambia kwa nini aliacha kuja.

Wiki ya tatu ikikaribia, mtumie ujumbe wa jina lake, mmoja: "Habari Mama, kucha zako zinatimiza wiki tatu Alhamisi. Nina nafasi saa tano au saa tisa, nikuwekee ipi?" Asipojibu, mwache. Ujumbe wa ofa unaotumwa kwa watu mia kila asubuhi hausomwi na mtu. Nambari yake uliichukua kwa ruhusa? Muulize siku ya kwanza kama unaweza kumkumbusha, na uulize tena kama anakubali picha ya mkono wake iwekwe mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mkono wenye pete ya ndoa au chale ya pekee unatambulika kama uso.

Msaidizi. Yule aliyeondoka usimtukane kwa wateja, hata wakikuuliza. Sema aliendelea na maisha, umtakie heri. Wapo waliomfuata ambao watarudi siku moja, na watarudi kwa urahisi zaidi kama hukuwahi kuwalaumu. Huyu mpya, mkataba wa kumkataza asifanye kazi ya kucha Nakuru haufai kitu: sheria yetu inairuhusu Mahakama Kuu kulibatilisha katazo la namna hiyo likionekana si la haki, na wewe huna pesa za wakili. Unachoweza ni hiki. Nunua laini ya saluni, ikae kwenye simu ya saluni, na nafasi zote zichukuliwe kwa laini hiyo. Mwandikie kwenye makubaliano yenu kwamba nambari za wateja ni za saluni na hazihamishwi kwenye simu binafsi. Wewe mwenyewe uguse mkono wa kila mteja, hata kama kazi inafanywa na yeye: msalimie kwa jina, kagua kucha kabla ya taa ya mwisho, umsindikize mlangoni. Asijuane na fundi mmoja tu.

Zaidi ya hayo, mlipe jioni ile ile au siku mliyokubaliana, bila kumzungusha, na kucha ikirudi kutengenezwa usimkate hela zake mbele ya watu. Ukimkata, ataanza kuwaficha wanaorudi, atawaambia wasikuambie, na hutajua kamwe kwamba kazi inaharibika. Mfundishe pembeni za kucha kama nilivyokueleza wewe. Na acha kumwangalia kwa wasiwasi, wateja wanaliona hilo.

Bado kuna yule mama. Nambari yake unayo. Mpigie Jumanne au Jumatano asubuhi watoto wakiwa shule, usimwandikie. Usimwelezee dawa inavyonunuliwa. Mwambie: "Mama, ni mimi wa kucha. Zile mbili zilizoinuka zilikuwa juu yangu, sikupaswa kukutoza. Nimekurudishia shilingi 200 zako kwa M-Pesa, na ukipata nafasi wiki hii ningependa nikufanyie mkono mzima, mimi mwenyewe, bila malipo." Tuma hizo 200 kabla ya kupiga, ili usiwe unaahidi. Wale wenzake usiwataje wala usimwombe awalete. Akija, akae saa uliyompa, meza iwe imeshafutwa, na uanze na vidole vile viwili.

Shangazi